Jina Lililopita Dirishani

Bwenini, Jumapili, 4 Oktoba

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Leo nimeapa kukueleza yote bila kuruka, hata yale ya aibu, kwa sababu sijasahau ulichoniambia ukinifungia begi: "Nionyeshe kitu kimoja unachokifanya huko kikafanya kazi, ndipo nitajua niwajibu nini watu wa chuo cha uuguzi." Wanataka jibu mwisho wa mwezi huu. Basi kitu nimekipata, na tangu Ijumaa nakula bila kujua ninachokula.

Unajua shule ina vyumba viwili vya kompyuta, vinatazamana, katikati pana ua wa saruji wenye bomba la maji. Mpaka wiki iliyopita kila kompyuta ilikuwa kama nyumba yenye mlango wake. Ukijiandikisha kwenye moja, ya jirani haikujui. Mimi nilikuwa na jina kwenye mashine ya dirishani tu, na akiikalia mwenzangu, siku hiyo sina pa kuingia. Ndiyo maana tulikuwa tunagombea viti, na ndiyo maana lile shati ulilonishonea limebaki na vifungo vitatu. Hilo ndilo la aibu la kwanza.

Ijumaa akaja fundi wa mtandao. Ni mwanamke, Shangazi, ana funguo nyingi kiunoni, akitembea unajua yuko wapi hata ukiwa umefumba macho. Mwalimu wetu wa kompyuta alimvutia kiti mbele ya mashine. Yeye akakisogeza kando, akakaa na kikombe cha chai, akasema, "Mimi nishajifunza. Wafanye wao."

Kazi yenyewe ni hii. Mashine moja inafanywa kuwa seva kuu. Hiyo ndiyo inayotunza orodha ya majina ya watu wote na maneno yao ya siri. Nyingine hazitunzi kitu, zinauliza. Unakaa popote, unaandika jina lako, na mashine uliyoikalia inamwuliza mkuu, "Huyu ni wetu?" Mkuu anajibu, "Ni wetu, mfungulie." Basi. Fundi aliandika ubaoni, *Asiyesikia la mkuu huvunjika guu*, akasema somo zima ni hilo, yaliyobaki ni kubonyeza.

Nilikufikiria wewe kwenye ofisi ya simu, na kamba zako na plagi zako, mji mzima ukipita masikioni mwako.

Nilichaguliwa mimi kubonyeza. Fundi alisema mwenye maswali mengi ndiye akae mbele, ili awaulize wenzake njia. Kwanza tuliipa mashine jina lake. Rafiki yangu tunayemwita Redio, kwa kuwa hazimiki, alisema, "Inajua majina ya watu wote, na ikikaa kimya inanguruma. Huyu ni Bibi." Likapita.

Kisha likaja jambo la jina la kikoa. Kikoa ni kama ukoo: mkuu na wote wanaomwuliza lazima wawe na jina moja la ukoo. Mashine ikiwaka asubuhi bado haijui Bibi yuko wapi, kwa hiyo inapaza sauti kwa wote walio kwenye waya, "Nani mkuu wa kikoa fulani?" Mwenye kikoa hicho anaitikia, na kuanzia hapo wanajuana. Tulipiga kura. Redio alitaka *malkia*. Likashinda *kilele*, kwa kuwa ndilo neno lililo kwenye beji ya shule.

Hapo kulitokea kichekesho. Chumba cha pili anakiongoza Kamusi, yule msichana mrefu asiyekosea tahajia hata kwenye ndoto. Alikuwa kule na kundi lake, vidole juu ya vibonyezo, wanangoja jina. Badala ya kuvuka ua, Redio alitoa kichwa dirishani akapiga ukelele, "Kamusi! Jina ni kilele! Kilele!" Mwalimu wa nidhamu alikuwa bombani ananawa mikono. Akageuka na ile sauti yake ya ngoma, "Kelele!" Redio akarudisha kichwa ndani. Redio amepewa kufagia ngazi mwezi mzima.

Baada ya hapo nikaandika amri ya kujenga orodha. Bibi akauliza kama kuna seva nyingine za kumsaidia; fundi akasema bado, nikajibu yuko peke yake. Mistari ikaanza kupanda kwenye kioo kama sisimizi waliopata sukari, ikasimama. Fundi akaweka kikombe chini. "Ndiyo hivyo," akasema. "Una mkuu."

Ameenda kazi nyingine. Atarudi siku ya wazazi, tarehe 24. Kuunganisha mashine zote katika vyumba viwili ametuachia sisi. Siku hiyo mgeni yeyote ataweza kuona msichana yeyote akikaa kwenye kiti chochote na kufunguliwa. Hicho ndicho kitu changu, Shangazi. Ukiridhika nacho, nitaomba nibaki hapa kwenye darasa la kompyuta mwakani. Usiporidhika, nitakunja nguo zangu bila manung'uniko. Nimesema yote.

Mwanao,
Mama Maswali

&nbsp;

Nyumbani, Jumatano, 7 Oktoba

Mama Maswali,

Marahaba, mwanangu. Barua imeletwa na dereva wa gari la mkate, inanukia mkate, nusura niipake siagi.

Usishangae mwandiko. Miwani yangu imevunjika mkono na iko kwa fundi, ambaye kila nikienda ananiambia "kesho, mama" kama ndilo jina lake. Kwa hiyo naandika kwa kupapasa, na barua yako amenisomea jirani. Anasoma kama mtu anayekimbizwa na mbwa. Koma haijui, nukta haiogopi.

Sasa sikiliza. Mimi mashine nazijua. Nilikaa kwenye swichibodi tangu nikiwa msichana hadi siku walipoleta kabati la chuma lisilo na masikio, wakaniambia, "Mama, sasa pumzika." Nimepumzika mpaka nimechoka. Tangu siku hiyo mkono wangu haujagusa simu, unajua. Basi usitegemee nipige vigelegele kwa sababu mmepata kabati lingine na mkaliita Bibi.

Ila jirani ana maswali. Anauliza, huyo Bibi akienda kula, nani anashika kiti? Na anajuaje kwamba anayetaja jina ndiye mwenyewe? Sisi tulijua kwa sauti. Mkuu wa polisi alikuwa akikohoa tu namwunganisha. Na wakimwuliza wawili kwa pamoja, anamjibu nani kwanza? Si mimi ninayetaka kujua. Ni jirani.

Chuo cha uuguzi wameandika tena. Ni watu wa heshima, bahasha yao imepigwa muhuri hadi ikachoka. Sare ni nyeupe: gauni jeupe, kofia nyeupe, soksi nyeupe mpaka kwenye viatu. Utapendeza kama yai. Na nesi hang'olewi kiti chake na kabati, mwanangu. Mgonjwa anataka mkono wa mtu. Hilo ndilo ninaloliwaza usiku na mchana, sikufichi.

Lakini nilisema unionyeshe, na neno langu ni neno. Nangoja.

Vifungo nitakuletea. Shati ni la kike, si la ndondi.

Shangazi yako

&nbsp;

Bwenini, Jumapili, 11 Oktoba

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Mwambie jirani hivi. Bibi akienda kula, kwa sasa hakuna anayeshika kiti, na hilo limetutia adabu, utaona hapo chini. Anamjua mtu kwa neno la siri, na hatunzi neno lenyewe, anatunza alama yake tu, kama mtu anayekumbuka wimbo bila kukumbuka maneno. Wakimwuliza wawili, anawajibu wote kwa kasi hata kila mmoja anadhani kajibiwa peke yake. Fundi anasema hiyo ndiyo adabu ya mkuu mzuri. Je, na wewe ulikuwa hivyo?

Chumba cha kwanza kinafanya kazi. Nimeandika polepole ili nisikurukie. Jumatatu niliunganisha mashine zote za upande wetu, nikamwita msichana mdogo wa kidato cha kwanza ambaye hajawahi kugusa ile ya kona, nikamwambia akae pale. Akaandika jina lake kwa kidole kimoja. Mashine ikafikiri kidogo, ikamfungulia. Alinitazama kama nimetoa sungura mfukoni. "Dada, imenijuaje?" akauliza. Nikamjibu, "Imekuulizia." Ah, Shangazi, sijawahi kusema neno tamu kama hilo.

Kuna amri fupi ya kuiuliza mashine, "Nani mkuu wako?" Nilipita kiti kwa kiti. Bibi. Bibi. Bibi. Nilipomaliza nilirudi nikauliza tena, kwa raha tu.

Chumba cha pili hakuna kitu. Hilo ni la aibu la pili, na nimeapa. Mashine za kule zinawaka vizuri, zinapaza sauti kutafuta mkuu, zinangoja, zinakata tamaa. Hakuna anayeitikia. Tumekagua waya kwa vidole kutoka ukutani hadi ukutani. Tumebadilisha vichwa vya waya. Jana tulianza kumshuku Bibi mwenyewe kwamba hasikii upande ule. Tulikuwa tumemzunguka tunamkagua, Redio akajikwaa kwenye waya wa umeme. Bibi alizimika ghafla mbele yetu. Tukamfungua kifuniko, kumbe vumbi limemjaa tumboni. Wakati tunampangusa, chumba cha kwanza kizima kiliganda, hakuna aliyeweza kuingia, na wasichana wakaanza kuimba, "Bibi yuko wapi, Bibi yuko wapi." Amewaka tena, ni mzima. Lakini sasa naelewa swali la jirani kuhusu nani anashika kiti.

Wenzangu nao wamechoka, wameanza kuumana. Nilimwuliza Kamusi, "Jina la kikoa uliliandika?"

"Nililiandika."

"Sawasawa?"

"Herufi kwa herufi, kama lilivyotangazwa. Kwenye mashine zote. Kwani lini nimekosea tahajia?"

"Basi waya wako ndio umekosea tahajia," Redio akasema.

"Wewe kafagie ngazi."

Hawajasalimiana tangu hapo, nami nalala kitanda cha katikati.

Mwalimu wa hisabati, ambaye hapendi kelele za chumba cha pili, amemshauri mwalimu mkuu wa shule kifungwe siku ya wazazi tusije tukaaibika. Mwalimu mkuu aliniita. Ni mama mpole, hasemi sana. Alisema, "Mkuu wa chumba kimoja si mkuu, ni jirani tu. Nakupa mpaka siku ambayo kesho yake ni ya wazazi." Nilikaa nikiichambua sentensi hiyo hadi nikaelewa: Ijumaa ya tarehe 23. Kikiwa bado hakijajibu, atakifunga.

Nikifika hapo nikashindwa, sitakuwa na cha kukuonyesha. Nusu ya kitu si kitu, unasema mwenyewe kuhusu sufuria isiyo na mfuniko. Lakini bado nina hamu ya kuamka kila asubuhi. Je, hiyo ni dalili nzuri au ni ujinga?

Mwanao,
Mama Maswali

&nbsp;

Nyumbani, Jumatano, 14 Oktoba

Mwanangu,

Umenifishia mtu.

Miwani bado. Jirani alikaa mlangoni kwangu kwenye mwanga, anasoma kwa ile sauti yake ya mnada. Alipofika "Bibi alizimika ghafla mbele yetu," muuza mkaa alikuwa anapita na gunia mgongoni. Hakungoja mstari wa pili. Mpaka jirani anamaliza ukurasa, habari imeshafika sokoni kwamba kwetu kumefiwa. Wamekuja watu kunipa pole, wengine wakilia. Nawaambia, "Ni kompyuta." Wananishika bega, "Usijikaze sana, mama, lia tu." Mmoja kaleta sukari. Nimeipokea. Ungekuwa wewe ungefanyaje?

Muuza mkaa nimemsema. Ananijibu eti yeye aliandika moyoni alichokisikia. Ona mtu huyo.

Sasa hayo ya chumba cha pili. Mimi sina la kukushauri, kabati hilo ni lenu. Ila jirani anashangaa mtandao mmeuita Kelele. Kaisoma hivyo mara mbili kwenye barua yako ya kwanza, nikamwambia sawa, kwa wasichana wa bweni jina limekaa mahali pake. Lakini nawe kumbuka, mwenye kelele hana neno. Labda ndiyo maana hakuna anayewajibu.

Nakutania. Usivimbe.

Umeuliza kama nami nilikuwa nikiwajibu wawili kila mmoja akadhani yuko peke yake. Watatu. Siku ya mvua kubwa, daraja lilipokatika, wanne. Sikuwahi kumwangusha hata mmoja. Sijui kwa nini nakuambia hayo. Jirani ndiye kanichokonoa.

Kuhusu hamu ya kuamka asubuhi: mimi nilikuwa nayo kila siku kwa muda wote niliokaa pale. Si ujinga.

Chuo wananiuliza jibu. Nimewaambia wasubiri.

Shangazi yako

&nbsp;

Getini, Alhamisi, 15 Oktoba

Shangazi, Shangazi,

Shikamoo, nakimbia. Dereva anashusha kreti za mkate, amesema akimaliza anaondoka na mimi nisipomaliza shauri yangu.

Nilikuwa nasoma barua yako hapa hapa getini. Nilimcheka muuza mkaa hadi askari wa geti akanisogelea. Nikafika pale ulipoandika Kelele. Nikacheka tena. Kisha nikaacha kucheka.

Nilivua viatu nikakimbia hadi chumba cha pili. Kamusi alikuwa peke yake, ameegemeza kichwa mezani. Nikamwambia, "Niandikie jina la kikoa. Kwenye karatasi."

Akaandika. *Kelele.* Mwandiko mzuri, tahajia sahihi kabisa.

"Nani alikuambia ni kelele?"

"Ninyi. Redio alianza kusema, halafu sauti kubwa ikamalizia. Nilishangaa, lakini nikajua ni utani wa Redio, na mmepiga kura, mimi nani nibishe?"

Ile sauti kubwa, Shangazi, ilikuwa ya mwalimu wa nidhamu pale bombani. Mashine za chumba cha pili zimekuwa karibu wiki mbili zikimtafuta mkuu wa ukoo wa Kelele, na ukoo huo hauna mkuu, una mwalimu tu. Waya ulikuwa mzima. Bibi alikuwa mzima. Kwenye kioo tulilipita neno hilo mara nyingi, macho yakalisoma tulivyotaka, kwa sababu sote tulijua kuwa tunajua.

Tumebadilisha moja, ya mlangoni. Herufi moja tu. Nimeiuliza, "Nani mkuu wako?"

Imesema Bibi.

Kamusi analia, Redio yuko ngazini na ufagio bado hajui, dereva anapiga hon

M. M.

&nbsp;

Nyumbani, Jumapili, 18 Oktoba

Mama Maswali,

Nimepokea karatasi yako iliyokatika kama waya wa simu. Unaniandikia kama niliyekuokoa, nami sijui nimefanya nini. Aliyekosea kusoma ni jirani, aliyetania ni mimi, aliyenawa mikono ni mwalimu. Kama kuna wa kushukuriwa hapo ni muuza mkaa, maana yeye ndiye aliyenifanya nicheke hadi nikakutania. Mwambie Redio asife moyo. Na mimi niliwahi kumwunganisha daktari na mchinjaji, wakazungumza kwa muda mrefu na kuelewana.

Miwani imerudi. Nimezisoma barua zako zote upya mwenyewe, taratibu, kwa sauti ya kibinadamu. *Kilele* uliandika vizuri. I yako ina nukta yake, hata mbili. Nimefika pale msichana mdogo alipouliza, "Imenijuaje?" nikaiweka barua chini nikaenda kuchota maji, ingawa mtungi ulikuwa umejaa.

Siku ya wazazi sitaweza kuja. Goti limevimba tena. Ungesema ndiyo adhabu ya asiyesikia la mkuu, ila mkuu mwenyewe ni mimi, basi sijui nimemkaidi nani. Utanieleza yote kama ulivyoapa.

Jirani anauliza, huyo Bibi mtampa msaidizi lini? Swichibodi ya mtu mmoja ni roho mkononi. Anauliza pia kama mtu mzima anaweza kufundishwa kukaa mbele ya mashine kama hiyo, kwa kutazama tu, bila kugusa. Jirani huyu amezidi.

Nimempa dereva furushi lako. Ndani kuna sabuni, kitana, vifungo vya shati na uzi wake, sukari ya msiba, na soksi jozi mbili za kijani, zile nene. Hizo ulizonazo zitakuwa zimekwisha visigino kabla ya muhula wa kwanza wa mwakani, navijua visigino vyako.

Chuo cha uuguzi hakuna jipya.

Jifunike usiku.

Shangazi yako

&nbsp;

Bwenini, Jumapili, 25 Oktoba

Shangazi mpendwa,

Shikamoo, na goti lako nalo shikamoo. Nilikaa dirishani jana nikitazama geti, ingawa ulishaniambia, maana miguu hupona ghafla. Basi nakueleza yote, kaa vizuri.

Vyumba vyote viwili vilifunguliwa. Alhamisi ile ile tulibadilisha mashine zote za chumba cha pili, Kamusi akiandika na Redio akimsomea herufi moja moja, "K kama kuku, i kama inzi," hadi wakaanza kucheka. Wamepatana. Redio alipomweleza mwalimu wa nidhamu kwamba mashine zilimsikia yeye, mwalimu alisema, "Angalau zimenisikia." Ngazi amesamehewa.

Bibi amepata msaidizi. Anaitwa Mjukuu, yuko chumba cha pili. Anachukua nakala ya orodha kutoka kwa Bibi, na Bibi akizimika yeye anaitikia. Mwambie jirani roho haiko tena mkononi.

Wageni walijaa mpaka uani. Mama wa Kamusi aliingia na mwavuli, baba wa Redio anaongea kuliko Redio. Wasichana walikuwa wanahama viti kama mchezo, wanaingia hapa, wanatoka, wanaingia kule, na kila mashine inawafungulia. Fundi alisimama nyuma na kikombe chake.

Kisha mwalimu mkuu akasema atajaribu yeye. Hakuwa amewahi kuwa na jina kwenye orodha, kwa hiyo asubuhi nilikuwa nimemwandika kwenye seva kuu kwa mkono wangu mwenyewe. Alichagua chumba cha pili, mashine ya mwisho kabisa, mbele ya watu wote. Akaandika jina. Akaandika neno la siri, akiziba kwa kiganja.

Mashine ikamkataa.

Akajaribu tena. Ikamkataa tena. Mwalimu wa hisabati akakohoa. Nilimtazama fundi, naye akanitazama, akatikisa funguo zake kidogo tu. Nikakumbuka. Nilivuka ua kwa mbio, nikaruka bomba, nikafika kwa Bibi, nikaandika amri moja, nikarudi. "Samahani, mama," nikasema, huku napumua kama farasi. "Jaribu mara ya mwisho."

Ikamfungulia. Akakitazama kioo, akasema polepole, "Kumbe na mimi ni wetu." Watu wakapiga makofi, hata mwalimu wa hisabati, ingawa yake yalikuwa mawili.

Nimekuahidi la aibu, basi ni hili. Nilikuwa nimeandika jina lake, lakini sikuwa nimeamuru orodha ijengwe upya. Ukiongeza jina kwa Bibi, linakaa kwake. Ameshaamua, ameshaandika, lakini anapoulizwa bado anajibu kwa orodha ya jana, mpaka umwambie, "Sasa tangaza." Fundi alicheka, akanigonga begani. "Bibi alikuwa anajua, ila hajasema," akaniambia. "Wako wengi wa hivyo." Kisha akasema mwakani anataka msichana mmoja wa hapa awe anamsaidia kutunza seva za shule jirani, na kwamba amemwona. Hakutaja nani. Alikuwa ananitazama mimi.

Nilisema kuna mtu sharti nimwulize kwanza.

Niliporudi bwenini nilifungua furushi lako. Sukari tumeimaliza, Mungu ailaze pema. Vifungo nimeshashona. Halafu nikazitoa soksi, nikaziweka mapajani, nikazitazama kwa muda. Ni za kijani. Za shule hii. Nene, za mwakani. Nikachukua barua yako ya kwanza nikasoma tena: soksi nyeupe, mpaka kwenye viatu.

Basi ninalo swali moja tu, na nataka jibu kwa gari la Alhamisi, na usiniambie kwamba jirani ndiye anayejibu. Shangazi, watu wa chuo ulishawaandikia, ila hujatangaza?

Mwanao,
Mama Maswali